Kufundisha Kiingereza Thailand: viza kwanza, ndege baadaye

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuseme neno juu ya matangazo ya kazi ya kufundisha Kiingereza nchini Thailand, ambayo vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wanatumiana kwenye simu. Kazi hizo zipo kweli. Waafrika Mashariki wanafundisha huko, kuanzia chekechea za Bangkok hadi shule za serikali mikoani, na wapo wanaoishi kwa heshima na kutuma fedha nyumbani. Wanaoumia ni wanaofika kabla ya karatasi zao, na wanaotia saini mkataba bila kuhesabu miezi ya kulipwa. Mambo hayo mawili yanatuuma kwa sababu yote mawili mtu anaweza kuyaepuka akiwa bado yuko kwao.

Anayetaka kazi hizi ajue kwanza mlango upi uko wazi. Korea Kusini hutoa viza yake ya walimu wa lugha, E-2, kwa kuangalia uraia. Nchi inazozihesabu kuwa za Kiingereza cha kuzaliwa ni saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya, Uganda na Tanzania hazimo, hata kama Kiingereza ni lugha rasmi kwetu. Kwa hiyo wakala anayemwahidi Mkenya E-2 kwa malipo anauza hewa. China nako kuna watu wanaokwenda kwa viza ya masomo au ya utalii na kufundisha kimyakimya. Sheria ya China inamtoza anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likionekana zito anawekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Thailand haimfungii Mwafrika Mashariki mlango, ila inamwekea sharti la ziada. Asiyetoka katika nchi za Kiingereza cha kuzaliwa huombwa alama za mtihani wa Kiingereza, na kipimo kinachotumika sana ni TOEIC kwa alama zisizopungua 600 kati ya 990. Mtihani huo una maswali 200 ya kusikiliza na kusoma, huchukua takriban saa mbili, na matokeo yake hukubaliwa kwa miaka miwili. Mhitimu wa chuo kikuu chetu aliyefanya mazoezi ya wiki chache ya sehemu ya kusikiliza hapaswi kuihofia 600. Kwenye matangazo, herufi NES zina maana kwamba wanataka mtu wa nchi zile za Kiingereza cha kuzaliwa pekee. NNES ni sisi. Kumwandikia mwenye tangazo la NES ni kupoteza siku.

Sasa viza. Kauli inayowaponza wengi ni hii: “Njoo kwa viza ya utalii, tutakubadilishia huku.” Viza inayomruhusu mtu kuanza safari ya ualimu ni Non-Immigrant B, kwa kifupi Non-B, na inaombwa kabla ya kusafiri. Mwajiri ndiye anayeandaa barua ya mwaliko, mkataba, nakala za usajili wa shule na barua ya mamlaka inayohusika ya elimu au ya ajira. Mwombaji anaziwasilisha kwa mtandao, kwenye tovuti ya viza ya serikali ya Thailand, chini ya ubalozi wao ulioko Nairobi, ambao unahudumia pia Watanzania. Viza ya kuingia mara moja inampa siku 90. Ndani ya siku hizo shule inamwombea kibali cha kazi kwa Idara ya Ajira, ambacho kwa mwaka mmoja ni baht 3,000 na 100 za fomu, kisha Uhamiaji wanamwongezea muda wa kukaa kwa baht 1,900. Baht moja ni kama shilingi nne za Kenya. Akitaka kutoka nchini na kurudi bila kuua ule muda wa kukaa, lazima anunue kibali cha kurudi kabla ya kuvuka mpaka: baht 1,000 kwa safari moja, au 3,800 kwa safari nyingi. Wapo waliokwenda nyumbani kwenye msiba bila karatasi hiyo, wakarudi na kuanza upya kana kwamba hawajawahi kufundisha siku hata moja.

Aliyeingia kwa viza ya utalii hujikuta akipelekwa Laos kwa basi, mara nyingi Vientiane au Savannakhet, kwenda kujaribu bahati. Nauli, hoteli na siku za kazi zilizopotea ni zake, na akikataliwa hana kwa kurudi. Katika kusubiri huko huambiwa aendelee kufundisha “kwa muda tu”. Kufundisha bila kibali ni kosa lenye faini ya baht 5,000 hadi 50,000, kufukuzwa nchini, na kutopewa kibali cha kazi kwa miaka miwili. Mwajiri naye hutozwa 10,000 hadi 100,000 kwa kila mtu, lakini mwajiri yuko kwao. Kupitiliza siku za viza hutozwa baht 500 kwa siku mpaka kufikia 20,000. Aliyepitiliza zaidi ya siku 90 akajisalimisha mwenyewe uwanja wa ndege anazuiwa kuingia mwaka mmoja. Akikamatwa kabla hajajisalimisha, hata kama alipitiliza wiki moja, ni miaka mitano.

Kuna hatari kubwa kuliko hiyo, na tunaisema waziwazi. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaonya raia wake juu ya kazi za uongo za Thailand. Miongoni mwa walioitikia, wapo waliovushwa mto Moei hadi Myawaddy, nchini Myanmar, na kufungiwa kwenye makambi ya utapeli wa mtandaoni kama KK Park. Njia ni ileile: tiketi ya kwenda Bangkok imelipwa, gari linasubiri uwanjani, kisha safari ndefu ya kaskazini-magharibi kuelekea Mae Sot, mkoa wa Tak. Shule ya kweli ina jina, namba ya simu ya mezani, mtaa unaoonekana kwenye ramani, na mkuu wa shule anayeweza kuongea nawe kwa video akiwa ndani ya jengo lake. Piga simu kwenye namba uliyoitafuta mwenyewe, usiitumie ile uliyopewa na wakala. Kama dereva wa uwanjani anakupeleka mkoa usioandikwa kwenye mkataba, usiingie garini. Namba ya polisi wa utalii ni 1155, na ya msaada kwa wanaosafirishwa kinyume cha sheria ni 1300. Kabla ya hapo, wakala wa Kenya ahakikiwe kwenye orodha ya Mamlaka ya Taifa ya Ajira, NEA, na wa Tanzania aulizwe TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira.

Karatasi zinakwama mahali pamoja kuliko pengine popote: majina. Pasipoti inasema Mohamed, shahada inasema Mohammed. Cheti cha kuzaliwa kina majina mawili, pasipoti ina matatu, chuo kilianza na jina la ukoo. Kwetu karani anaelewa kwamba ni mtu yuleyule. Ofisa wa Thailand analinganisha herufi kwa herufi, na tofauti moja inarudisha jalada zima. Rekebisha ukiwa nyumbani, kwa hati ya kiapo iliyothibitishwa na wakili au, ikibidi, kwa kubadilisha hati yenyewe, kisha majina yafanane kwenye shahada, transkripti, hati ya polisi na mkataba. Shahada na transkripti zipitie Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi yako kwa muhuri, halafu ubalozi wa Thailand. Omba pia chuo chako barua yenye nembo, muhuri na sahihi inayothibitisha kwamba ulihitimu pale, maana shule huweza kuitaka, na chuo kilichoandikiwa kutoka Thailand kwa barua pepe kinaweza kukaa miezi bila kujibu. Mkenya anachukua cheti cha tabia njema kwa DCI, idara ya upelelezi wa jinai, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Mtanzania anachukua hati yake Jeshi la Polisi kwa alama za vidole. Chukua karibu na safari, kwani iliyozidi miezi sita mara nyingi hukataliwa. Na usisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Thailand inaidai kwa wasafiri wa Kenya, Uganda na Tanzania, na sindano lazima iwe imechomwa si chini ya siku 10 kabla ya kufika.

Shule za kawaida, za serikali na za binafsi, zinahitaji pia kibali cha ualimu kutoka baraza la walimu la Thailand, Khurusapha. Asiye na leseni ya Thailand anaombewa na shule kibali cha muda cha miaka miwili. Mwenye shahada ya ualimu yuko mbele ya mwenye shahada ya biashara, na Mkenya aliyesajiliwa TSC, tume ya walimu ya Kenya, abebe cheti chake cha usajili, kitamsaidia. Vituo vya lugha vya jioni na Jumamosi havidai Khurusapha, lakini Non-B na kibali cha kazi vinahitajika kama kawaida.

Mkataba usomwe na kalamu mkononi. Swali la kwanza ni nani mwajiri: shule, au wakala anayeikodisha shule mwalimu? Wakala analipwa na shule, anabaki na chake, anakupa kilichobaki. Hilo pekee si dhambi, kwani wakala mzuri hukusanya karatasi ambazo shule ndogo haijui hata pa kuanzia. Ila angalia miezi. Mwaka wa shule wa Thailand una mihula miwili: katikati ya Mei hadi mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, na mwanzo wa Novemba hadi Machi. Mikataba mingi ya wakala hulipa miezi kumi, na Oktoba, Machi au Aprili mwalimu hapati kitu au anapata nusu. Tuchukue baht 25,000. Kwa miezi kumi ni 250,000 kwa mwaka, yaani 20,833 kwa mwezi ukiigawa kwa kumi na mbili. Shule inayotoa 22,000 kwa miezi yote kumi na miwili inalipa 264,000. Ile ya pili ndiyo bora, ingawa tangazo lake linaonekana dogo. Pia kodi ya chumba haiendi likizo mwezi Aprili.

Angalia makato. Mwajiriwa wa kweli chini ya wakala au kituo cha lugha hukatwa asilimia 5 ya mshahara, hadi kikomo kilichowekwa kisheria, kwa ajili ya mfuko wa hifadhi ya jamii, naye hupewa hospitali ya kutibiwa. Walimu wa shule za binafsi wana mfuko wao, wanakatwa asilimia 3. Ukiona unakatwa asilimia 3 kamili na kuambiwa ni kodi, na huna hospitali wala namba ya mfuko wowote, ujue wamekuandika kama kibarua wa kujitegemea. Ukiumia, hakuna anayekulipia. Kodi yenyewe kwa mshahara mdogo ni sifuri. Anayepata 25,000 kwa miezi kumi na miwili ana 300,000. Sheria inampunguzia 100,000 za gharama na 60,000 za nafsi yake, zinabaki 140,000, na 150,000 za mwanzo hazitozwi. Dai karatasi ya makato iitwayo 50 Tawi kila mwisho wa mwaka, peleka marejesho ofisi ya mapato kabla ya mwisho wa Machi, na fedha zilizokatwa zinarudi. Wengi hawaziombi kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba ni zao.

Yaandikwe pia haya: vipindi kwa wiki (18 hadi 24 vya dakika 50 ni kawaida, 28 ni mzigo), nani analipia kibali cha kazi na kuongezewa muda, siku za kuugua zinazolipwa, na notisi ya kuacha kazi. Dhamana ya fedha “itakayorudishwa ukimaliza mwaka” ikataliwe. Pasipoti inakaa na mwenyewe. Mwajiri anaweza kuichukua asubuhi kwenda nayo Uhamiaji, jioni airudishe. Kuishikilia sheria inamkataza. Mkataba ukiwa na Kithai upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, mahakama na maofisa watasoma Kithai, kwa hiyo tafuta Mthai asiye wa wakala akusomee.

Fedha za kuanzia zihesabiwe kwa ukweli. Chumba cha mkoani cha 5,000 huanza kwa malipo ya mwezi mmoja na dhamana ya miezi miwili, jumla 15,000. Chakula cha siku 45 kwa 200 kwa siku ni 9,000, kwa kuwa mshahara wa kwanza unaweza kuchelewa hadi mwisho wa mwezi wa pili. Nguo za kazi na usafiri 5,000, kibali na muda wa kukaa 5,000 kama shule hailipi. Hizo ni 34,000 kabla hujanunua hata godoro. Anayefika na dola mia mbili mfukoni atakopa kwa wakala, na tangu hapo hana tena sauti ya kudai chochote.

Darasani, mwalimu wetu ana faida asiyoijua. Amezoea wanafunzi hamsini, na shule za serikali za Thailand zina arobaini hadi hamsini. Lakini fimbo iachwe nyumbani. Kanuni za adhabu za wizara yao za 2005 zinaruhusu nne tu: onyo la mdomo, kumweka mtoto chini ya uangalizi kwa maandishi, kukata alama za mwenendo, na shughuli za kurekebisha tabia. Kofi, kuvuta sikio na kumpigisha mtoto magoti juani haviko humo. Mwalimu Mthai anaweza kuonekana akifanya, na asifanywe lolote. Mgeni aliyerekodiwa kwa simu anamaliza kazi jioni ileile. Kichwa cha mtoto hakiguswi hata kwa upendo. Nyayo hazielekezwi kwa mtu wala kwa sanamu ya Buddha. Bendera hupandishwa saa mbili asubuhi kwa saa zetu, na mwalimu husimama wima pamoja na wanafunzi. Kuhusu mfalme na familia yake, hakuna mzaha wala maoni, darasani au mtandaoni: kifungu cha 112 kinatoa kifungo cha miaka mitatu hadi kumi na mitano kwa kila kosa. Video za wanafunzi zisiwekwe TikTok bila ruhusa ya wazazi na shule.

Matamshi yanastahili kazi kubwa kuliko sarufi. Kithai hakimalizi silabi kwa s wala l, hivyo mtoto atasema “bus” kama “but”, na “school” itaishia na n. Kwake r na l huchanganyika, na v inakuwa w. Sisi nasi tuna mzigo wetu. Mzungumzaji wa Kiswahili ana irabu tano, kwa hiyo “ship” na “sheep” humtoka sawa, na “bad”, “bud” na “bird” hukutana kwenye a moja. TOEIC haipimi kinywa, ila mkuu wa shule anapima, kwenye somo la majaribio la dakika 15 au 20. Jirekodi, sikiliza irabu zako na mwisho wa maneno yako, rekebisha kabla ya kutuma video. Hakuna haja ya kuiga Mmarekani. Kiingereza safi cha Nairobi au Kampala, kinachosikika kila herufi ya mwisho, kinamfaa mtoto wa Kithai vizuri sana.

Alama za mtihani huwatia wengi kwenye ugomvi bila sababu. Kufaulu ni asilimia 50, ngazi ni 0 hadi 4, na mtoto aliyepata 0 hupewa kazi ya marekebisho mpaka afaulu. Ukiambiwa umpe mtihani mwingine, mpe, tunza daftari la alama zako za mwanzo, endelea. Malalamiko yaanzie kwa mkuu wa idara, faraghani. Kumsahihisha Kiingereza mwalimu Mthai mbele ya wanafunzi wake ni kumvunjia uso, na huyo ndiye atakayeulizwa kama mkataba wako uongezwe.

Baada ya hapo ni kutunza tarehe. Mwenye nyumba anakuandikisha Uhamiaji kwa fomu TM.30 ndani ya saa 24 tangu uhamie, na usipokuwa nayo huenda wakakataa kukuongezea muda. Kila siku 90 unaripoti anwani yako kwa fomu TM.47, kuanzia siku 15 kabla hadi siku 7 baada ya tarehe, na ukichelewa ni baht 2,000. Masomo ya ziada kwa mwajiri wa pili lazima yaandikishwe Idara ya Ajira.

Mwisho wa kazi ndio unaowashtua wengi: muda wa kukaa uliotolewa kwa sababu ya ajira hiyo unakufa siku ya mwisho ya ajira, hata kama mhuri unaonyesha miezi minne mbele. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kukubaliana na mwajiri mpya tarehe ya kuanza na nani atapeleka karatasi. Siku ya mwisho nenda Uhamiaji, uombe siku saba za kujipanga kwa baht 1,900, au utoke nchini siku hiyohiyo. Mshahara ukizuiliwa, piga 1506, namba ya Wizara ya Kazi, ukiwa na mkataba, taarifa za benki na orodha ya siku ulizofundisha. Mkenya ana ubalozi wake Bangkok. Mtanzania anahudumiwa na ubalozi wa Kuala Lumpur, kwa hiyo aandike namba zake za simu kwenye karatasi kabla ya kuondoka Dar es Salaam, siyo kwenye simu pekee.

Wasalaam,
Walimu wa Kiingereza kutoka Afrika Mashariki,
Bangkok, Thailand